Siku Niliyomwambia Baba Mkwe Ana Kelele

Chekeni tu jamani, mimi nimeshazoea, maana hata leo nikishuka kwenye gari pale stendi ya Itumba lazima atokee mtu wa kuweka kidole mdomoni na kumwambia mwenzake, "Shhh, fundi kaja." Mimi ndiye yule mkwe aliyemtoa baba mkwe wake nje ya ghala, mbele ya wanachama wote wa kikundi cha kahawa, kwa kosa la kupiga kelele, na baba mkwe wangu (hili mlijue mapema ili mnihukumu vizuri) ni mtu mpole ambaye hata akitaka kukohoa anageukia ukutani kwanza. Aibu niliyoipata siku ile ingetosha ukoo mzima, na mimi niliibeba peke yangu, kichwa wazi, khanga imebaki kwenye magunia.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kiko Tunduma, mtaa wa pili kutoka boda, natengeneza redio, inveta za sola na zaidi ya yote mizani ya kidijitali, ile ya wafanyabiashara wa mchele unaotoka Kamsamba na mahindi ya kila upande, na mzani ukianza kusumbua Tunduma mwenyewe anakuja anakimbia kama ana mgonjwa. Wateja wangu Wazambia wananiita "ba Nambeye" kwa heshima zote (Nambeye ni jina la ukoo, kwetu Wanamwanga kaka zangu ni Simbeye, sisi wasichana ni Nambeye), na heshima hiyo, sitaki kuwaficha, ilikuwa imeshaanza kunipanda kichwani.

Nikaolewa na Ambakisye, Mndali wa Itumba, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo hapo hapo boda. Ndoa nzuri, sina malalamiko. Ila kwao kuna jambo moja ambalo sisi watoto wa boda tulikuwa tunalisikia kwa mbali tu, kwamba mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, hamkai pamoja, akija njia hii wewe unachepuka unainama kwenye majani mpaka apite, na ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mtu. Wengi siku hizi wamelegeza, wapo wanaotumiana mpaka meseji, lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi nilitaka nionekane nina adabu, hasa kwa vile mashangazi walishaanza kunong'ona kwamba Ambakisye ameacha wasichana wote wa Ileje akaenda kuoa fundi redio.

Sasa huyu baba mkwe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa pale kijijini kwao. Walikuwa na mzani wa zamani, ule wa kuning'iniza wenye mshale, na kila msimu ukawa unaleta ugomvi, huyu anasema kapunjwa, yule anasema mshale umesogezwa na kidole. Katika mkutano mmoja (haya nilisimuliwa na mume wangu) yule mzee mpole akasimama, akasema kwa ile sauti yake ya kuombea chakula, "Mkwe wangu ni fundi wa mizani. Atatutengenezea wa tarakimu, kila mtu asome mwenyewe." Watu wakaguna. Yeye akakaa.

Hebu fikirieni. Mtu ambaye hata sura yangu haijui vizuri, maana siku ya harusi mimi nilikuwa ndani ya shela na yeye anaangalia dari la kanisa, ananiwekea jina lake rehani mbele ya kijiji kizima. Mume wangu aliponihadithia nikajiapiza kwamba mzani ule nitautengeneza mpaka yule mzee asijutie neno lake hata siku moja. Kukubalika kwangu ukweni kote nilikuona kuko juu ya bamba la chuma la mzani ule, pale panapokaa gunia.

Niwaeleze kidogo mzani wenyewe, msije mkapotea. Chini ya bamba kuna chuma ambacho ukikiwekea mzigo kinapinda kidogo mno, jicho halioni, na kikipinda kinatoa umeme mdogo sana. Umeme ule unasafiri kwenye waya mpaka kwenye kidude kinachoitwa kigeuzi, na kazi yake ni kuugeuza umeme kuwa tarakimu zinazosomeka kwenye kioo. Tatizo la kigeuzi ni kwamba hakina ubaguzi. Umeme wowote unaozurura hewani ukiingia kwenye ule waya, nacho kinauhesabu, kinaona na huo ni kahawa. Huo umeme wa kuzurura sisi mafundi tunauita kelele. Hilo neno lishikeni vizuri, mimi ndilo lililoniponza.

Kibandani kwangu mzani ulifanya kazi vizuri kabisa, ukiwa na waya wake mfupi uliovishwa wavu wa shaba wa kuzuia hizo kelele. Nikapanda Noah, nikapita barabara ya Mpemba na mzani wangu mapajani kama mtoto, nikafika Itumba jioni ya kuamkia siku ya kupima. Nikaingia ghalani. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo tu, wa dakika moja, ambao hadi leo nikiukumbuka nauma mto.

Bamba lilitakiwa likae mlangoni, magunia yanakoingilia. Kioo nacho, kwa waya ule mfupi, kingekuwa hapo hapo pembeni. Nikapiga picha kichwani: mimi nimechuchumaa kwenye bamba, na baba mkwe ameinama kusoma kioo, pua kwa pua. Haiwezekani! Nikaona suluhisho ni kurefusha waya. Bamba libaki mlangoni, kioo kiende ukutani mwisho wa ghala kwenye meza ya mwenyekiti, na mimi nijifiche katikati nyuma ya rundo la magunia na kigeuzi na mkoba wangu wa vifaa. Waya wenye wavu nilikuwa nimeuacha Tunduma, nikaenda dukani, muuza duka akanipa waya wa spika, ule mwekundu na mweusi, mtupu, hauna hata soksi. Fundi yeyote anajua waya wa namna ile ukiurefusha vile unageuka antena. Nilijua. Lakini kilichokuwa kinanisumbua kichwani jioni ile ilikuwa adabu, umeme haukuwa na nafasi. Nikaunga, nikajaribu na gunia moja, ghala likiwa tupu, tarakimu zikatulia, nikaenda kulala nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, baridi ya Ileje mnaijua, wanachama wamekuja na makoti na magunia yao ya kahawa ya maganda, mtu mmoja akaomba kwa niaba ya wote, na mimi niko nyuma ya magunia yangu, khanga imenifunika kuanzia kichwani. Wa kunisemea alikuwa Shangazi Tusekile, dada yake baba mkwe. Huyu mama ana moyo wa dhahabu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ila ana kasoro moja, ujumbe ukipita mdomoni mwake lazima utoke umeongezwa chumvi.

Baba mkwe akaingia. Sikumtazama, nikaona tu viatu vyake kwenye upenyo kati ya magunia, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi kwa ajili ya siku ile. Viatu vikapita, vikaenda mpaka kwenye meza. Gunia la kwanza likawa la Mama Subi, mama mmoja mnene mcheshi, likapandishwa kwenye bamba, na baba mkwe akaanza kusoma kwa sauti yake ya upole.

"Hamsini na mbili... hapana, arobaini na tano... samahani, sitini na moja..."

"Mwenyekiti," Mama Subi akauliza, "tunapima au tunanadi?"

Watu wakacheka. Wakalishusha gunia, bamba likabaki tupu, baba mkwe akasoma thelathini. Mtu akataka kujua hiyo thelathini ni ya nani, mwingine akamjibu ni ya ukungu, iandikwe. Mimi huko nyuma jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi ile ile iliyokuwa inawatetemesha wenzangu.

Shangazi akaja ameinama. "Mkwe, watu wanauliza mzani una nini."

"Shangazi, waambie kuna kelele kwenye waya, naitoa sasa hivi."

Akanyooka. "Nyamazeni nyote!" Bati likalia. "Mkwe anasema mzani hautaki kelele!"

Mungu wangu. Ghala zima likanyamaza kama watu wako msibani. Kuku aliyekuwa anadonoa chini akabebwa nje. Mtoto mchanga akatolewa na mama yake. Mzee mmoja mwenye kikohozi akatoka mwenyewe bila kuambiwa, akawa anakohoa kule kwenye migomba kwa kujibana. Mimi nanong'ona "Shangazi, siyo kelele hizo, siyo hizo," lakini nitapazaje sauti wakati baba mkwe yumo humo humo? Na tarakimu, katika ukimya ule mtakatifu, zinaruka vile vile.

Nikaamua kufuata kanuni za kazi, moja baada ya nyingine. Kwanza umeme wa kuulisha mzani, maana ulikuwa unatoka kwenye inveta ya sola, na inveta za bei rahisi ni wazungumzaji wakubwa. Nikaomba izimwe, nikaunga betri. Zikapungua kidogo. Halafu nikafikiria ethi, nikamtuma Shangazi aombe mtu achomeke nondo ardhini nje ya ukuta na kumwagia maji ya chumvi, ili huo umeme wa kuzurura upate njia ya kushuka. Kijana mmoja mwenye nguvu akaanza kuipiga nyundo, ngaa, ngaa, Shangazi akatoka mbio. "Wewe! Umeambiwa hakuna kelele!" Maskini yule kijana akavua koti lake, akalikunja juu ya nondo, akawa anaipiga kwa adabu, pu, pu, pu. Mimi nimelala kifudifudi nachomea kapasita, kidude cha kumeza kelele, kwenye mlango wa kigeuzi na nacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Baba mkwe alikuwa ametoka kwenda kuangalia hiyo nondo. Nilipomaliza kuchomea nikachungulia kioo kule ukutani, sifuri. Nikasubiri. Sifuri, imetulia tuli. Nikasema asante Yesu. Viatu vyeusi vikarudi, vikafuata ukuta, vikapita sambamba na waya wangu wa spika, na tarakimu zikaruka kama zimechomwa na sindano. Viatu vikaenda dirishani, zikatulia. Viatu vikarudi mezani, zikaruka.

Nina karedio kadogo kwenye mkoba, nakatumia kutafutia kelele, unakaweka pasipo na stesheni, sauti chini kabisa, unakaweka sikioni, na penye umeme unaozurura kanaimba. Nikakawasha. Viatu vikasogea, karedio kakaanza, ti-ti-tiii, ti-ti-tiii. Wote mnaijua sauti hiyo, ya redio ikiwa karibu na simu. Hapo nikakumbuka kitochi cha baba mkwe, kile kisimu chake kidogo cha laini mbili, moja ya hapa na moja ya Malawi kwa ajili ya ndugu zake wa ng'ambo, anachotembea nacho kwenye mfuko wa koti saa zote. Katika milima ile mnara wa hapa uko mbali na wa Malawi uko mbali zaidi, simu inaita minara yote miwili kwa nguvu zake zote, na waya wangu uchi unadaka kila neno na kukipelekea kigeuzi, kigeuzi kinaandika kahawa.

Furaha niliyoipata! Nikamvuta Shangazi kwa upindo wa khanga. "Shangazi, nimeipata! Kelele inatoka kwa baba. Sasa mwambie kwa heshima zote, ile simu..."

Shangazi hakuwepo tena. Aliishia kwenye "kwa baba", akasimama, akatangaza jambo refu kwa Kindali. Kindali changu ni cha salamu na chakula tu, kwa hiyo sikuelewa, niliona viatu vyeusi vimekakamaa. Halafu, kwa faida ya dereva wa lori aliyekuja kuchukua mzigo, akatafsiri mwenyewe.

"Nasema hivi! Mkwe amepima ghala lote, amegundua kelele yote humu inatoka kwa Mwenyekiti! Anamwomba atoke nje!"

Mimi nilifumba macho. Nikasikia ile sauti ya upole ikisema kwa mshangao wa kweli kabisa, "Mimi? Mbona sijasema neno?"

Na ni kweli! Mzee wa watu tangu tangazo la kwanza alikuwa anatembea kwa ncha za viatu.

"Labda ni tumbo, Mwenyekiti," akasema mzee mmoja wa nyuma kwa kumwonea huruma. "Asubuhi umekunywa nini?"

Ghala likalipuka. Walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya magunia yao, dereva wa lori akajipiga mapajani, Mama Subi akafuta machozi kwa kilemba. Viatu vyeusi vikageuka taratibu, vikatoka mlangoni. Mimi nikawa najiuliza kama kuna gari la kwenda Tunduma saa ile na kama linaweza kusimama dirishani.

Lakini jamani, hiyo ilikuwa sehemu nyepesi ya mkasa. Alipotoka tu, tarakimu zikatulia. Mtu akapandisha gunia la Mama Subi, kioo kikasema hamsini na moja, kikabaki hapo hapo. Wakalishusha, sifuri. Wakalipandisha, hamsini na moja. Kicheko kikaanza kupungua chenyewe, na jamaa mmoja mwenye kofia ya pamba (niliambiwa baadaye ndiye aliyegombana na mzani msimu uliopita) akasema polepole, kila neno kivyake, "Kwa hiyo mzani unakubali Mwenyekiti akiondoka."

Mwingine akasema kumbe hata ule wa zamani ulikuwa unasumbua yeye akiwepo. Mtu akaguna, na mguno ule ukatembea kutoka mlangoni hadi ukutani.

Aibu ya kuchekwa naivumilia, nimekulia Tunduma. Lakini yule mzee alisimama akaniwekea jina lake, na mimi kwa waya wa spika nilikuwa namfanya mwizi mbele ya watu aliozaliwa nao, na mashahidi wanaonyesha kioo kwa kidole. Sikufikiria tena adabu. Nikainuka, khanga ikanasa kwenye gunia ikabaki huko huko, nikavuka ghala kichwa wazi na chuma cha kuchomea mkononi, nikatoka nje.

Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, mikono nyuma, anaangalia ukungu. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka kosa lake, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Baba, samahani, simu," nikasema. Neno la kwanza kumwambia tangu nizaliwe.

Yeye, kama mila inavyotaka, akageukia ukuta haraka na kujifunika uso kwa kofia. Mimi nikadhani analia. Nikachanganyikiwa. Na mkono wangu, huu huu wa kulia, ukaenda wenyewe, ukaingia kwenye mfuko wa koti la baba mkwe wangu, ukatoka na kitochi.

"Yesu wangu!" wakalia akina mama waliokuwa mlangoni. Shangazi Tusekile alikaa chini pale pale kwenye umande.

Nikarudi ndani nakimbia. "Oneni!" Nikaweka simu karibu na waya, tarakimu zikaruka. Nikaitoa, zikatulia. Nikaiweka tena. Kisha nikamfuata jamaa wa kofia ya pamba, nikamkabidhi simu, nikamsukuma mpaka kwenye waya. "Soma." Kioo kikamwonyesha thelathini na nane, sabini, kumi na nne. "Haya, na wewe umeiba nini?" Akairudisha simu kama kaa la moto. Hapo nikawaeleza yote, kwa sauti yangu mwenyewe, bila kumtuma mtu: kwamba kelele ni umeme, haina mdomo wala tumbo, kwamba simu inaita minara ya nchi mbili, na kwamba kosa ni langu mimi niliyetandaza waya mtupu ghala zima ili nisikae karibu na baba mkwe. Watu wakaanza kuelewa. Niliwaona sura zinafunguka mmoja mmoja.

Basi si ndiyo simu ikalia mkononi mwangu! Kioo kikapanda mpaka kilo mia nane na ushee, bamba likiwa tupu, watu wakapiga yowe, mimi nahangaika kuizima, vitufe vimefutika maandishi, nikabonyeza nisichokijua, na vile vitochi mnavijua spika zake, sauti ya mume wangu ikajaa ghala lote kutoka Tunduma.

"Baba, shikamoo! Vipi huko, mke wangu hajakuaibisha?"

Na kutoka nje, dirishani, ile sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia imepazwa ikapazwa.

"Bado anaendelea!"

Sijawahi kusikia watu wanacheka vile, na sidhani nitasikia tena. Yule mzee mwenye kikohozi alicheka mpaka kikohozi kikamwacha. Jamaa wa kofia ya pamba alitoka nje mwenyewe, nikamwona dirishani amemshika baba mkwe mkono kwa mikono miwili, anaomba radhi na bado anacheka. Ambakisye yeye alikuwa anaita "Halo? Halo? Baba?" mpaka mtu akamhurumia akamkatia.

Nikaung'oa waya wa spika wote, nikarudisha ule mfupi wenye wavu wake, kioo kikakaa mlangoni pembeni ya bamba, kila mkulima akawa anasoma gunia lake kwa macho yake. Kitochi kikapelekwa jikoni kukaa na akina mama. Tukapima hadi mchana na hakuna tarakimu iliyotingishika. Shangazi alipopata nguvu za kusimama akatangaza kwamba mkwe aliyeingiza mkono mfukoni mwa baba mkwe lazima atoe faini, jogoo, tena mkubwa, na mimi nikakubali bila ubishi, maana kesi ilikuwa na mashahidi wengi mno.

Gunia la mwisho liliposhuka nilikuwa nimechuchumaa upande mmoja wa bamba nafungua skrubu, khanga imerudishwa kichwani. Viatu vyeusi vikaja, vikasimama upande wa pili, vikageuka vikanipa visigino. Baba mkwe hakusema na mimi, mila hairuhusu. Alisema na kioo.

"Wewe mzani," akasema taratibu, "mwambie mwanangu jogoo wa faini nimeshamtoa mimi. Yeye aje ale, ndizi zinapoa."

Mwanangu. Hakusema mkwe. Nikauambia mzani umwambie baba nimeshukuru sana. Mzani ukakaa na sifuri yake. Shangazi aliyekuwa mlangoni akalalamika kwamba sasa kazi yake imechukuliwa na bamba la chuma, na mimi nikaenda nyuma ya magunia nikalia kidogo, kwa raha, halafu nikanawa mikono nikaenda kula.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. Waya wa spika utapeleka muziki kwenye spika, basi, hata mteja anipigie magoti. Na neno kelele silitamki tena ukweni, nimelifuta, nasema mtikisiko. Juzi mwanetu kalia usiku kucha, mama mkwe akapiga simu asubuhi kuuliza mjukuu anaendeleaje, nikamwambia hajambo mama, ila usiku alikuwa na mtikisiko mkubwa sana. Alicheka mpaka salio lake likaisha.